Kobe Kaenda Senetini
Mwaka 1979 wananchi wa Ayalandi waliulizwa: je, wahitimu wa vyuo vingine nao wachague maseneta, badala ya haki hiyo kubaki kwa wenzao wa Chuo cha Trinity na Chuo Kikuu cha Taifa? Wakajibu ndiyo, kwa kura ya maoni. Bunge likasema litaangalia. Likaangalia miaka 44, hadi Mahakama ya Juu ilipolizindua mwaka 2023. Haraka haina baraka, ila hapo hata kobe angeona aibu.

Na zawadi yenyewe? Viti sita kati ya 60. Maseneta wengine 43 huchaguliwa na wanasiasa wenzao. 11 huteuliwa na waziri mkuu. Fundi bomba asiye na shahada aendelee kuziba mabomba. Kura ya Seneti haimhusu.