Karatasi Ina Jina la Nani? Kesi Tano, Tukihesabu Kurudi Nyuma

Cheo, bima, kibarua: watu wakigombania hivi mahakamani, hoja huwa nyingi, lakini jaji anauliza karatasi. Imeandikwa jina gani? Imefika lini? Haya, twende.

5. Barua iliyolala mezani (Marekani, 1803)
Mwaka 1801 William Marbury aliteuliwa hakimu wa amani. Rais John Adams akasaini, waziri wake John Marshall akagonga mhuri, na hati ikabaki ofisini mpaka serikali mpya ikaingia na kuizuia. Marbury akakimbilia Mahakama ya Juu. Nani kakalia kiti cha Jaji Mkuu? Marshall yule yule! Mahakama ikasema cheo ni haki yake, ila sheria iliyoipa uwezo wa kutoa amri hiyo inapingana na katiba. Dunia ikajifunza kwamba mahakama inaweza kufuta sheria ya bunge. Marbury akarudi nyumbani mikono mitupu. Siku hizi tukiambiwa "barua yako iko njiani", tuulize iko njia ipi.

4. Majaji na keki ya miaka 70 (Kenya, 2016)
Naibu Jaji Mkuu Kalpana Rawal na Jaji Philip Tunoi walishikilia kwamba wastaafu wakiwa na miaka 74, kama ilivyokuwa chini ya katiba ya zamani. Katiba ya 2010 inasema 70. Mahakama ya Rufani ikasema 70, na Juni safari ikaishia hapo. Kuamua umri wa bosi wako, jamani, chai ya saa nne inanyweka?

3. Mbao zangu, si zangu (Ireland ya Kaskazini, 1925)
Wenye daladala na wenye maduka, sogeeni. Bwana Macaura aliiuzia kampuni yake mbao, kampuni ikamlipa kwa hisa, na hisa zote zikawa zake na za watu aliowaweka. Bima akakata kwa jina lake mwenyewe. Moto ukala mbao, kampuni za bima zikagoma, na kesi ikafika London kwenye Baraza la Malodi. Jibu: mbao ni za kampuni, wewe una hisa tu. Hakupata kitu. Basi ukisajili kampuni na kuihamishia mali, kesho yake peleka bima ikabadilishwe jina. Moto hausubiri Jumatatu.

2. Aliyejiajiri akajipa amri (New Zealand)
Hii naipenda kuliko zote. Geoffrey Lee alikuwa na kampuni ya ndege za kunyunyizia mashamba. Hisa 3,000, zake 2,999. Mkurugenzi yeye, rubani yeye. Mwaka 1956 ndege ikaanguka akafa. Mjane akadai fidia ya mfanyakazi, ambayo kampuni ilikuwa imeikatia bima. Mahakama ya huko ikamkatalia: mtu atajiajirije? Rufaa ya mwisho London ikasema kampuni ni mtu mwingine, na Lee alikuwa mwajiriwa wake. Mjane akashinda. Ukuta ule ule kati ya mtu na kampuni yake, uliomzuia Macaura, ndio uliomkinga mama huyu.

1. Siku 30 (Tanzania Bara)
Nafasi ya kwanza haina mtu maarufu. Ni ya kila aliyeachishwa kazi akakaa nyumbani akingoja bosi apoe. Bosi hapoi; siku zinakwenda. Kenya sheria inakupa miaka 3 ya kufungua dai. Tanzania Bara, kwa kanuni za 2007, mgogoro wa kuachishwa unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Ukichelewa, unaanza kwa kuomba usamehewe ucheleweshaji, na "nilikuwa namsubiri bosi" si sababu ya kutegemea. Inaniuma, maana wengi wana haki mkononi na kalenda inawanyang'anya. Fomu ni CMA F1, haina ada, wala hulazimiki kuwa na wakili. Kama leo ni siku yako ya 28, usimalize hata kusoma. Panda gari.