Pasheni Iliyogoma Kuzaa

Tulipohamia Chamazi, tofali zilitosha upande wa barabarani tu. Kwingine tukazungushia seng'enge, na majirani wakawa wanajua tunachopika kabla watoto hawajanawa mikono. Mama mkwe hakulipenda hilo. "Mwanangu, sitiri ua wako. Panda kitu kitambae."

Kitu gani? Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Mimi nilitaka bogenvilia, kwa kuwa haisumbui kwa maji na inachanua hata jua la Januari likiwaka. Mume wangu akaikataa kwa miiba yake, maana watoto wanachezea mpira hapohapo. Alamanda nayo ina utomvu unaowasha. Mama mkwe akafunga mjadala: pasheni, tupate kivuli na juisi.

Wifi akatuletea mbegu za pasheni ya zambarau kutoka Lushoto. Ile ni ya milimani, imezoea ubaridi wa Usambara. Kwa joto letu ilinyong'onyea ikafa. Masika iliyofuata tukanunua mche wa pasheni ya njano, inayolivumilia joto la pwani, tukachanganya mchanga wetu na samadi ya mbuzi. Vuli ilipoingia, seng'enge ilikuwa imefunikwa.

Maua yakaja, na ni maua ya kutazamwa! Ya njano hufunguka kuanzia adhuhuri na usiku yanajifunga. Nyuzi zake zimezunguka duara, zambarau ndani na nyeupe nchani, na katikati kimesimama kijiti chenye vifuko vitano vya chavua vilivyoinama. Mama mkwe alikuwa akihamishia mkeka wake pale baada ya swala. Lakini kila ua lilidondoka, tunda hakuna.

Wakati huohuo vita nyingine ilikuwa kibarazani. Nyuki wakubwa weusi walikuwa wametoboa mirunda, matundu ya mviringo ya kuingia kidole, na kila asubuhi nafagia unga wa mbao. Mume wangu, aliyekijenga kibaraza kile kwa mikono yake, akapuliza dawa. Nyuki wakaisha.

Mzee jirani, mkulima wa pasheni miaka mingi, aliposikia alisikitika kweli. "Mama, hao ndio wanaozalisha." Akanieleza kwamba chavua ya pasheni ni nzito na inanata, upepo hauibebi, nyuki mdogo wa asali huichota bila kugusa panapotakiwa, ila yule mweusi mgongo wake hufika. Tena pasheni ya njano kwa kawaida huikataa chavua yake yenyewe. Inataka ya mmea mwingine, wa mzazi mwingine.

Akatupa mche wa mbegu zake. Ulipokuwa unakua, mama mkwe na wajukuu walikwenda kwake mchana kuomba maua, wakarudi kuyapaka kwenye yetu, moja baada ya jingine. Wiki haikuisha, vitunda vya kijani vikaanza kutunga. Mume wangu akaipaka mirunda oili chafu ili isitobolewe tena, akafunga gogo kavu la mwembe kwenye kona ya seng'enge. Nyuki wamerudi, wamehamia humo.

Msomaji, ukipanda pasheni ya njano uani kwako, tafuta miche miwili isiyo ya mzazi mmoja, na nyuki weusi usiwapulizie dawa.