Karata za Mtu Mmoja, Buhigwe

Aliyebuni karata za kuchezwa na mtu mmoja hakuwahi kukaa Buhigwe. Huku ukijikalia peke yako kibarazani kwa muda mfupi tu, mpita njia atauliza nani kafariki.

Wilaya yetu ilimegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, na ofisi zilivyosogea karibu, kila jambo likaanza kudai barua: mpaka wa shamba la kahawa, mkopo wa kikundi, hata ugomvi wa mbuzi. Ba' mdogo akaona riziki. Akafungua steshenari karibu na stendi, akanunua kompyuta iliyokwisha kuchoka, akaniweka mimi. Taabu ikawa mausi. Nikiipeleka kulia, mshale unakimbilia pembeni na kujificha. "Fungua zile karata," akasema, "mkono utazoea wenyewe."

Alisema kweli kuliko alivyojua. Mchezo huo, Solitaire, uliandikwa na Wes Cherry, kijana aliyekuwa mafunzoni Microsoft, na karata zikachorwa na Susan Kare. Ulipotoka na Windows 3.0 mwaka 1990, ulisaidia kuwazoesha watu kubonyeza, kukokota na kuachia, wala wasijue kwamba wako darasani. Cherry hakupata mrabaha. Alikuwa pia ametia kitufe cha kumsitiri mchezaji bosi akitokea, kampuni ikakiondoa. Ba' mdogo angekiondoa mapema zaidi.

Sheria zake ni chache. Karata 28 zinapangwa safu saba, 24 zinabaki za kuchota. Nyekundu inakaa juu ya nyeusi kwa kushuka, ree zinapanda kuanzisha mafungu manne, na safu ikiwa tupu haikaliwi na yeyote ila mfalme.

Hilo la mfalme halikumsumbua mzee aliyekuja kuandikiwa barua ya mpaka. Kilichomkera ni malkia kulazwa chini ya mfalme. "Mjukuu wangu, hii ni nchi ya Heru. Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetutawala, alikaa chini ya nani?" Nikamwambia ndivyo mashine inavyotaka. Akavuta benchi, akaketi. Barua ya mpaka ikasahaulika.

Kesho yake wakaongezeka vijana wa bodaboda, kisha mama muuza migebuka aliyetaka barua ya mkopo. Kila mmoja na amri yake. "Tisa ya pau, tisa ya pau!" "Iache hiyo, itaziba!" Mzee, aliyekulia kwenye karata za arbastini, akawa ananikonyeza kama mwenzi wake, nami sikujua nikonyeze nani. Mchezo ukigoma, na kuna migao ambayo hata malaika haimalizi, wanakataa katakata kwamba ni bahati. "Aliyechanga ni mwizi," mzee akaamua. "Mwambie achange mbele yetu."

Barua ya mama ilikuwa inakwenda kwa vituo. Nikiandika mstari, ananishika bega: "Mwanangu, mkopo hauna miguu. Mtoe kwanza huyo jeki." Nafunga barua, nafungua karata. Kutwa nzima tukafika "Wako mtiifu".

Siku ya gulio mfalme wa mwisho akapanda. Karata zikaanza kuruka na kudunda skrini nzima, kijana mmoja wa bodaboda akapiga honi hadi watu wa sokoni wakadhani kuna ajali. Kisha ukazuka ugomvi: nani kashinda? Mzee alidai ni yeye, kwa sababu ya tisa. Mama alidai ni yeye, kwa sababu ya jeki. Aliyeshika mausi hakutajwa.

Mzee akatuliza kikao kwa sheria ya baraza: aliyefungwa anapisha mwingine akae. Aliyefungwa ni nani? Tukatazamana, kisha sote tukaigeukia kompyuta. "Ipishe," akasema, na kabla sijanyanyuka akachomoa waya ukutani.

Barua haikuwa imehifadhiwa.

Ba' mdogo alipoingia, vijana walikuwa wamekwisha kukumbuka safari zao. Akamwuliza mama kama amepata barua yake. Nilingoja moto uwake.

"Sheria ni sheria, baba," akajibu mama, akijitwika beseni lake. "Kompyuta imefungwa, imepisha. Kesho mwanao ataniandikia nyingine, tukishamaliza mchezo."