Mwongozo wa Kufunga Mkanda kwa Mgeni wa Tarasaa

Umesikia serikali inabana matumizi na deni la taifa linakukosesha usingizi. Vizuri. Raia mwema hakai kando. Ukishashuka Garsen, kaunti ya Tana River, tafuta boda ikufikishe Tarasaa, ambako bajeti ya kaunti itasomwa na maoni yako kuchukuliwa. Kabla hujafika, soma haya.

Kwanza, jua unadaiwa ngapi. Mwaka 2025 deni la taifa lilikuwa limepita shilingi trilioni 11. Ligawe kwa Wakenya milioni 47.6 waliohesabiwa mwaka 2019, na fungu lako ni zaidi ya laki mbili. Usiulize ulikopa lini. Saini yako haikuhitajika. Na usijaribu kulipiga hesabu kwa mbuzi wa soko la Garsen, maana utafika mahali ambapo mbuzi wamekwisha na deni bado lipo.

Pili, jifunze pesa zilikwenda wapi. Kwa bahati nzuri, kaunti ya Tana River ni makumbusho ya mikopo na hakuna kiingilio. Fuata mto kwenda juu mpaka Bura, ambako Benki ya Dunia na wafadhili wengine walimwaga mamilioni ya dola tangu mwishoni mwa miaka ya sabini ili watu wahamishiwe huko walime pamba. Maji yalivutwa kwa pampu za dizeli, na dizeli, kama ujuavyo, haioti kando ya mto. Miaka ya themanini ikielekea ukingoni, mitaro ikaanza kukauka. Rudi chini deltani uone mpunga wa TARDA, mamlaka ya serikali ya kuendeleza mito ya Tana na Athi, uliolimwa kwa mkopo wa Wajapani mpaka El Niño ya 1997 ikaja kukagua matuta na kuyabomoa. Ukibakiwa na nguvu, nenda mradi wa Galana-Kulalu, uliozinduliwa Januari 2014 kwa ahadi ya kulima ekari milioni moja. Kilichoanza ni shamba la majaribio la ekari 10,000.

Hapa ndipo wageni wengi huteleza. Hakuna mradi uliowahi kufa Tana River. Mradi "hupitia changamoto," kisha "hufufuliwa," na ufufuo una bajeti yake. Anayesema "ulikufa" mbele ya watu hutazamwa kama aliyetaja mauti harusini. Nakushauri useme "changamoto" hata ukiwa peke yako, ulimi uzoee.

Tatu, elewa mkanda unavyofungwa na wenyewe. Mnamo Juni 25, 2024 vijana waliokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha walivamia bunge, na kesho yake Rais William Ruto akasema hatautia saini. Julai 5 akatangaza dawa: mashirika 47 ya serikali yavunjwe, washauri wapunguzwe nusu, safari za nje zisizo za lazima zikome, magari mapya yasinunuliwe kwa mwaka mzima. Pengo lililoachwa na mswada huo lilikuwa shilingi bilioni 346. Kati ya hizo, alipendekeza bilioni 177 zikatwe kwenye matumizi, na bilioni 169 zilizobaki je? Zikopwe. Ndiyo, umesoma sawasawa. Mwezi huohuo ushuru wa kutengeneza barabara ukapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya mafuta, na kufika Desemba baadhi ya kodi zilizokataliwa mitaani zikarudi ndani ya sheria mpya. Nauli ya boda uliyolipa asubuhi ilikuwa mchango wako, kwa hiyo usijidai hukushirikishwa.

Sasa kikao chenyewe. Tangazo linasema saa tatu asubuhi. Fika saa tatu, usaidie kupanga viti. Waheshimiwa watafika jua likiwa utosini, kwa msafara, na injini za magari hazitazimwa, kwa sababu kiyoyozi kikikatika madereva watateseka. Usihesabu magari. Hilo ni kosa la adabu.

Kutakuwa na dua mbili, ya sheikh na ya mchungaji, kila mmoja akihakikisha mwenzake hakumzidi kwa urefu. Kisha kila msemaji atasema itifaki imezingatiwa, halafu atawataja wote mmoja mmoja, kuanzia mgeni rasmi hadi mwenyekiti wa nyumba kumi. Makadirio ya bajeti yenyewe ni kitabu kinene, nakala ni moja, nayo ni ya Kiingereza. Mzee aliyekaa nyuma akiomba kitafsiriwe, ataambiwa ombi lake limepokelewa. Weka saini kwenye karatasi ya mahudhurio mapema. Saini hiyo ndiyo ushiriki wa umma. Mengine yote ni mapambo.

Ukipewa nafasi ya kusema, una dakika mbili. Shukuru kwa dakika moja na nusu. Katika nusu iliyobaki omba kisima, au dawa za zahanati. Utajibiwa kwamba hali ya uchumi ni ngumu na sote tufunge mkanda. Usiulize warsha ya kupanga namna ya kubana matumizi ilifanyika hoteli gani Mombasa. Wala usitaje Hazina ya Usawazishaji. Katiba ya 2010, kifungu cha 204, iliitengea nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka ipeleke maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma, na Tana River imo kwenye orodha. Iliwekewa muda wa miaka 20. Wewe piga hesabu kimoyomoyo ni mingapi imebaki, na uso usionyeshe chochote.

Najua hutafuata ushauri huu. Utasimama, utauliza jambo la maana, na watu watashangilia kidogo. Afisa ataandika kitu kwenye daftari na kusema swali ni zuri sana. Kisha soda zitaletwa, bajeti itapita kama ilivyokuja, na wewe utapiga makofi na wenzako, soda mkononi.

Waraka wa mkakati wa fedha lazima ufike bunge la kaunti kabla ya Februari kuisha, kwa hiyo utaitwa tena. Njoo mapema, ubebe kitambulisho na kalamu yako mwenyewe. Ya ofisi imekatwa kwenye bajeti.