Usipande Mlima Leo

Kila meli ya kitalii inapotia nanga Kilindini, sisi wa Voi hupata habari barabarani. Magari ya wageni hutoka Mombasa alfajiri, yakaingia Tsavo Mashariki kwa lango la Bachuma au kwa lango letu la Voi, na jioni yakarudi pwani yamejaa vumbi jekundu, lile lile linalowapaka tembo wetu rangi. Watu wamevuka bahari kwa meli yenye bwawa la kuogelea na chakula kisichoisha, halafu wanaiacha bandarini waje kumpiga picha mnyama ambaye sisi humfukuza shambani kwa kugonga sufuria. Sina ugomvi nao. Ila ukiutazama msafara huo mwaka baada ya mwaka, utafika mahali ujiulize: hiyo bahari wanayoiacha bila kinyongo ina nini ndani?

Swali hilo lilinijia wakati mbaya, maana lilinikuta na pesa. Nilikuwa nimepokea zamu yangu ya chama, na pesa zenyewe zilikuwa na kazi inayojulikana nyumba nzima: kununua tangi la maji la lita 5,000. Asiyekaa Voi ataliona tangi kuwa ni anasa. Chemchemi za Mzima ziko Tsavo Magharibi, ndani ya kaunti hii hii ya Taita Taveta. Mvua hunyesha kwenye milima ya Chyulu, ikazama katika mawe ya volkano, ikaja kuibukia Mzima ikiwa safi ya kumeta, na tangu miaka ya 1950 kuna bomba linaloyabeba maji hayo hadi Mombasa. Bomba linapita kwetu. Maji yanapita kwetu. Mfereji wangu hukohoa, hutema upepo, kisha hunyamaza hadi Alhamisi.

"Maji yetu yanaenda Mombasa," nikamwambia baba watoto. "Na sisi tuyafuate."

Watoto walitaka meli, ile yenye bwawa. Niliwaonyesha bei, wakakubali jahazi la Shimoni linalopeleka watu Kisite, kwenye hifadhi ya bahari, na huko mwenye kutaka hufundishwa kuzamia na mtungi mgongoni. Desemba ni msimu wa kaskazi. Bahari hutulia asubuhi na maji huwa maangavu. Mpango ulikuwa hivi: tulale Shimoni tarehe 23, tuzamie asubuhi ya tarehe 24, mchana tugeuze gari, na saa tatu usiku tuwe Wundanyi kwa mama mkwe, kula Krismasi na ukoo mzima. Mbuzi alikwisha nunuliwa. Baba watoto ndiye aliyetakiwa kumchinja usiku huo huo, kwa sababu ndiye mkubwa kwao, na kwa sababu mara ya mwisho alipoachiwa mdogo wake mbuzi alikimbilia kanisani.

Baba watoto hakuwa na hamu ya bahari. Katika kaunti yetu, alisema, kuna watu waliokwisha kujaribu mambo hayo ya mitungi, na yaliyowapata yanajulikana. Hapo hakukosea. Alan na Joan Root, wale wapiga filamu za wanyama, walizamia Mzima kwa vifaa hivyo hivyo na wakatoa filamu inayoonyesha kiboko akitembea chini ya maji kwa madaha, kana kwamba hana uzito. Baadaye, katika uzamiaji mwingine hapo hapo Mzima, kiboko akachoka na wageni. Jino lake lilipasua miwani ya Joan usoni, uso ukasalimika, kisha akamgeukia Alan na kumtoboa mguu.

"Na hao walikuwa mabingwa," baba watoto akamaliza.

"Baba, baharini hakuna viboko," akasema kitindamimba.

"Kuna nini?"

"Papa."

Mtoto huyo ana miaka tisa na hajui kunyamaza. Uzoefu wote wa baba yake chini ya maji ni kile chumba cha vioo cha Mzima, ambako unateremka ngazi na viatu vyako, unatazamana na samaki kidogo, unapanda unaenda zako. Kwa maoni yake teknolojia ingeishia pale.

Tulienda na Probox ya kuazima. Siku hizi unaweza kukata Dongo Kundu na kutokea Kwale bila kuiona feri, lakini watoto walikataa katakata. Walikuwa wameahidiwa meli, na feri ya Likoni ndiyo meli waliyokuwa na uhakika nayo. Kwa hiyo sisi watatu tukashuka garini na kuvuka kwa miguu, bure, katikati ya mikokoteni, kuku na mtu aliyebeba kitanda. Kitindamimba alisimama mbele kabisa akiwa ameshika kiuno. Safari ilipokwisha aliuliza kama hilo ndilo bwawa la kuogelea, akionyesha bahari.

Asubuhi Shimoni tulipewa fomu. Una pumu? Una shinikizo la damu? Una mafua? Umewahi kuzimia? Baba watoto, ambaye hospitali huiendea kwa kubebwa, siku hiyo alikuwa mkweli kuliko mtu aliye kizimbani. Alikumbuka hata surua ya mwaka 1984. Mwalimu wetu, kijana wa Kivumba kutoka kisiwa cha Wasini, alisoma fomu hiyo kwa subira, akamwangalia, akasema, "Mzee, uko sawa kabisa." Sijawahi kuona mtu akipokea habari njema kwa huzuni kiasi kile.

Aliyekataliwa alikuwa kitindamimba. Kuzamia na mtungi huanza miaka kumi. Yeye angeogelea juu juu, na jaketi, miwani na kile kirija cha kupumulia. Alinung'unika hadi tukaingia jahazini.

Jambo moja nilifurahi kulijua. Mtungi ule si wa oksijeni, kama sinema zinavyotudanganya. Ni hewa tu, hewa ile ile ya Shimoni yenye harufu ya dagaa, imeshindiliwa. Baba watoto aliuliza kama ni salama kuliko mtungi wa gesi jikoni. Akaambiwa ni salama. Akauliza kama mwenye kushindilia hewa hiyo alikuwa mzima asubuhi hiyo, hakuugua mafua. Mwalimu akaanza kukagua kamba za jahazi.

Baba watoto alikuwa amekula mahamri na mbaazi za nazi, akaongeza, akafunga na chai ya maziwa. Kabla hatujafika Kisite mbaazi zilikwisha rudi baharini. Samaki walikuja mbio kutoka pande zote, changu na vikande wenye milia, wakalishughulikia jambo hilo bila kubakisha. Nahodha aliufurahia wingi wao na akasema hapa ni pazuri, tutie nanga.

Masomo yalikuwa matatu. La kwanza, usizuie pumzi hata kidogo, pumua tu mfululizo. La pili, masikio: ukiteremka maji yanakubana, na kufikia mita kumi shinikizo limekuwa maradufu ya lile la juu, basi bana pua upulize polepole. Hapa ndipo watu wa milimani tulipong'ara. Yeyote aliyekulia Wundanyi anajua masikio yanavyoziba ukiteremka zile kona kuja Mwatate. Watoto wetu humeza mate kwenye matatu kabla hawajajua kusema. Baba watoto alimeza mate mara moja, masikio yakafunguka, na mwalimu akamsifu mbele ya familia. Ni sifa aliyoikariri hadi Mariakani.

La tatu ni ishara, maana chini huwezi kusema. Kidole cha shahada na gumba vikikutana kuwa duara, maana yake niko salama. Kidole gumba kikielekea juu, maana yake nataka kupanda. Baba watoto alitikisa kichwa kuwa ameelewa. Lakini huyu ni mtu ambaye kwa miaka mingi amelijibu kundi la WhatsApp la ukoo, lenye harusi, matanga na michango, kwa dole gumba peke yake. Tulipofika chini, mwalimu akamwonyesha duara kumuuliza hali. Akajibu dole gumba, kwa furaha ya kweli. Mwalimu akamshika mkono, akampandisha polepole hadi juu. Juu wakaelewana. Wakateremka. Mwalimu akauliza hali. Dole gumba.

Mimi na binti yetu mkubwa tulikuwa tumepiga magoti kwenye mchanga, mita sita hivi chini, tukiwatazama wakipita kwenda na kurudi. Nilipata nafasi ya kuangalia. Pono mmoja mkubwa, wa buluu na kijani, alikuwa akiguguna jiwe, na mlio wake ulisikika waziwazi, krr, krr, krr, mtu anayetafuna karanga karibu na sikio lako. Aliacha, akasogea kidogo, akatoa nyuma yake wingu jeupe la vumbi laini, akaendelea kula. Binti yangu aliniuliza kwa mikono kama ameona alichokiona. Ndiyo, mwanangu. Pono hutafuna matumbawe na kuyatoa yamekuwa mchanga, na sehemu ya mchanga mweupe ambao watalii huulalia pwani imepita njia hiyo. Nilikuja kuwaeleza wenzangu wa chama, na wawili wameapa hawalali tena ufukweni.

Alipotulia hatimaye, baba watoto naye akapiga magoti, lakini kwa nguvu, na mapezi yake ya mpira yakaanza kupiga nyuma bila ruhusa yake. Mchanga ukatimka. Kwa muda wote uliobaki alikuwa ndani ya wingu. Tuliona povu likitoka humo, tukajua anaishi.

Juu ya maji, aliyenyimwa mtungi alikuwa ameshika ngazi ya jahazi, miwani usoni, pomboo wakipita chini yake kundi zima, mama na mtoto ubavuni, karibu kiasi cha kuona kovu mgongoni mwa mmoja. Alituhadithia hayo pale pale, tena mezani Wasini, tena garini. Bei ya kuogelea juu juu ilikuwa sehemu ndogo tu ya yetu. Naye aliuliza bei.

Wasini tulikula kaa na wali. Kisiwa hicho kwa miaka mingi kimeishi kwa maji ya mvua, na baba watoto alipoligundua hilo alisahau bahari kabisa. Yeye na mzee mmoja wa hapo walizungumza matangi, mifereji ya paa na bei ya lita 5,000, huku akinitupia jicho. Nikawa nashughulika na gando la kaa. Ndipo mwalimu alipokuja kutuaga akauliza, kwa adabu tu, "Mnarudi Mombasa leo?"

"Wundanyi," nikasema.

"Wundanyi iko wapi?"

"Juu. Milimani."

Akaketi. Alieleza vizuri, nami nitajaribu. Hewa tunayovuta, sehemu yake kubwa ni naitrojeni. Chini ya maji, kwa lile shinikizo, naitrojeni nyingi zaidi huyeyuka ndani ya damu. Ukipanda polepole inatoka taratibu kwa pumzi. Lakini ukitoka baharini ukapanda ndege, au mlima, kabla haijaisha, inaweza kutoa mapovu mwilini kama soda iliyofunguliwa ghafla. Aliyezamia mara moja hungoja angalau saa 12, na mwinuko unaoanza kuhesabiwa ni kama mita 600. "Nyinyi ni mara ya kwanza," akasema. "Mimi ningelala, nipande asubuhi. Usipande mlima leo, mama."

Tukatoa simu tukatafuta. Voi iko chini kidogo ya mita 600. Wundanyi imepita 1,000, na Vuria, kilele kinachoonekana kutoka kwa mama mkwe, kimepita 2,200. Kwa maneno mengine tuliruhusiwa kufika nyumbani kwetu Voi, kwenye sebule, tukae. Maelfu ya familia huzamia duniani na kurudi kwao salama; sisi tulikuwa tumeolewa juu ya kikomo.

Baba watoto alinipa simu nimweleze mama yake. Huo ndio ushujaa wake.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mko wapi? Maji ya mbuzi yanachemka."

Nikaeleza naitrojeni. Akasikiliza hadi mwisho.

"Naitrojeni si ile ya mbolea?"

"Ndiyo hiyo, Mama, lakini..."

"Mimi huweka kwenye mahindi kila msimu. Mtanawiri. Njooni."

Nikaeleza mapovu. Akauliza nani amefungua soda. Nikaeleza saa 12. Kimya kirefu, kisha akasema kwa sauti ya upole mno, ile ambayo kila mkamwana anaijua na kuiogopa: "Kama ni kazi ya jikoni unaikimbia, mwanangu, ungesema tu. Viazi nitamenya mwenyewe."

Tulifika Voi saa mbili kasorobo usiku, nyuma ya malori yote ya Afrika Mashariki. Nikawasha taa, nikafungua mfereji kwa mazoea, ukakohoa. Watoto wakalala na chumvi yao. Mimi na baba watoto tulikuwa hatujavua viatu tuliposikia honi langoni, si moja, ni ya kupigwa na mtu asiyejua kuacha.

Ilikuwa matatu nzima. Mashemeji, wake zao, watoto wamelaliana, shangazi mmoja ambaye sikujua kama bado yuko hai, sufuria tatu, na juu ya keria mbuzi, mzima, akilitazama jiji letu la Voi bila kuvutiwa. Mama mkwe alikuwa kiti cha mbele, mkoba magotini.

"Mmesema nyinyi hamwezi kupanda," akasema akishuka. "Mbuzi anaweza kushuka."

Walikuja na madebe ya maji pia. Alisema anaijua Voi.

Baba watoto alichinja saa nne usiku, uani, akimulikiwa na simu nne. Mifupa ilipokuwa kwenye supu mama mkwe alituweka mbele yake akataka kusimuliwa. Kitindamimba akatoa pomboo wake, akaongeza wawili ambao hatukuwa tumewasikia awali. Mama akampa figo. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Na wewe uliyelipa pesa nyingi ukaenda chini kabisa. Ulikuta nini?"

Baba watoto akatazama supu.

"Mchanga," akasema.

"Mchanga."

"Mwingi."

Mama mkwe akanigeukia mimi, mwenye chama. "Si mto Voi huo hapo," akasema, "malori yanabeba mchanga kila siku. Mngeniuliza."