Heko, Pointa!

Mwacheni pointa asifiwe. Wanafunzi wa lugha ya C wanamtukana bure tangu Dennis Ritchie alipoiunda lugha hiyo kule Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hakuna aliyewahi kumwomba radhi.

Nani mnyenyekevu kama yeye? Wenzake kwenye programu wamejaa mali: umri, bei, majina ya watu. Yeye hana chake. Amebeba namba tu, anwani ya mahali katika kumbukumbu ambapo mali ya mwingine imelala. Andika `int kodi = 6000; int *p = &kodi;` na p hana hata shilingi; anachojua ni kodi inakokaa. Kisha andika `*p = 7000;` na kodi imepanda bila hata kutajwa jina. Mwenye ploti gani hapa mtaani kwetu Lucky Summer asingetamani uwezo huo?

Tena sisi wa Lucky Summer ndio hasa hatuna sababu ya kumwogopa. Mtu wa boda anayeleta chipsi hatumiwi nyumba, anatumiwa maelekezo: shuka steji, pita duka la M-Pesa, geti la kijani, ghorofa ya tatu. Nyumba iwe na sofa na friji, ujumbe ni ule ule mfupi. Ndivyo pointa wa baiti 8, kwenye kompyuta ya biti 64, anavyoshika orodha ya mamilioni ya namba bila kutoka jasho.

Wabishi watauliza: mpangaji akihama je? Umeita `free()`, chumba kimerudishwa, pointa bado anaing'ang'ania anwani ya zamani. Uaminifu ulioje! Boda atapanda, atabisha, na mpangaji mpya atapokea chipsi za mwenzake bila neno. Programu nayo hainung'uniki. Itaanguka kesho kutwa, mbali kabisa na mlango ule, ili usikose la kukukesheza. Na ajira je? Mwaka 2019 Microsoft ilisema takriban asilimia 70 ya mianya ya usalama iliyokuwa ikiiziba kila mwaka ilitokana na makosa ya kumbukumbu, kama hili. Wadukuzi nao wana watoto wa kusomesha.

Tony Hoare, aliyebuni rejeo tupu (null) mwaka 1965 katika ALGOL W, alijitokeza mwaka 2009 kutubu, akikadiria hasara ya dola bilioni. Toba ya nini? Pointa tupu ndiye mkweli kati ya pointa wote: haelekezi popote, na ukimfuata katika C, kwa kawaida programu inauawa papo hapo, bila kesi. Java ilipokuja mwaka 1995 ilijinadi kwamba kwake pointa hayupo. Kosa lake mashuhuri kuliko yote linaitwa `NullPointerException`.