Kigari cha Kulwa na Doto

Vigari vya kusukumia watoto wawili viko vya namna mbili. Kuna vile ambavyo watoto hukaa ubavu kwa ubavu, na vile ambavyo mmoja hukaa mbele na mwenzake nyuma, mtindo usiohitaji maelezo kwetu kwa sababu pikipiki zilishaupa jina: mshikaki. Shemeji yangu aliyeko Muscat alinitumia picha za vyote viwili kwa WhatsApp, na ujumbe wa sauti juu yake: "Shem, chagua nikupakilie. Na uchague upesi, mzigo unaondoka wiki hii."

Mimi ni fundi cherehani. Nilifika Maramba kwa ajili ya JKT nikitokea Shinyanga, gwaride likaisha, nikabaki na binti wa Kidigo na cherehani ya kukanyaga. Mtu akiniuliza jambo lolote, mkono unakwenda kwenye futi iliyoko shingoni. Kigari cha ubavu kwa ubavu, alisema shemeji, kina upana wa sentimita 76. Basi nikaanza kuipima Maramba.

Mlango wa chumbani kwetu una sentimita 78. Sentimita moja kila upande. Hata suti siiachi hivyo. Koridoni mna baiskeli ya baba mkwe, ndoo za maji na gunia la nazi, na ukishavitoa kila kimoja nafasi yake unabaki kujiuliza sisi wenyewe huwa tunapitaje. Nikatoka nje. Nikapima uchochoro wa kwenda kisimani, nikapima nafasi iliyopo kati ya mafungu ya machungwa gengeni, nikaandika yote kwenye karatasi la kukatia mitindo.

Kumbe watu wananitazama. Kwetu habari za lami zinaanzaga kwa mtu mwenye futi. Jioni ile mzee mmoja alikuja kibarazani, akakataa kiti, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumba yake inaguswa, na ikiguswa, fidia ni bei gani kwa mita. Nikamwambia ni kigari cha watoto. Akatabasamu kama mtu anayeelewa kuwa siri ya serikali haitolewi hovyo, akaaga. Asubuhi nikamkuta anapanda migomba karibu na njia. Mgomba nao hulipwa fidia. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja baada yake, yeye akataka kuiona ile karatasi. Alipokuta maneno "mlango wa chumbani, 78" akaikunja polepole na kunirudishia bila kunitazama usoni.

Kikao cha familia kiliitishwa siku hiyohiyo. Mama mkwe hakuwa na haja ya vipimo. Hoja yake ilikuwa moja, na mpaka leo sijapata wa kuijibu. "Mkwe wangu," alisema, "ukimweleka mtoto mgongoni, kitu kikija kinakukuta wewe kwanza. Kwenye hicho kigari chenu mbwa anamkuta mtoto, vumbi linamkuta mtoto, bodaboda inamkuta mtoto, mama yuko nyuma ameshika mpini, salama salimini. Nani kati yenu anayemlinda mwenzake?" Kisha akaongeza jambo la husuda: mapacha wa kuvutia namna ile unawatanguliza barabarani wenyewe, uso juu, kila jicho lijipimie? Pacha wawili wanataka migongo miwili, alisema, na migongo iko mingi nyumba hii. Mbeleko haijawahi kukosa njia.

Baba mkwe alikuwa na moyo wa kupokea mageni. Miaka mingi alikata mkonge, na hoja zake zote huanzia huko. Mkonge wenyewe, akatukumbusha, haukuwa wa hapa; mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliuagiza kwa njia ya Hamburg, ikafika hai miche 62 tu, na Tanga nzima ikasimama juu ya ile miche. Wanasimulia hata kwamba ilisafirishwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. "Sasa kigari kimoja kitatushinda?" Akauliza matairi yake ni namba ngapi na kama yana mpira wa ndani.

Swali la matairi likaenda kwa fundi baiskeli, ambaye banda lake linatazamana na langu. Akaikuza picha kwenye simu kwa vidole vyenye grisi mpaka gurudumu likajaa kioo chote, akatikisa kichwa: plastiki tupu, hakuna spoku, hakuna pa kuziba pancha. Nikataka kuwaonyesha wateja waliokuwepo kwamba nimesoma. Nikawaambia kigari cha kwanza cha watoto kinachojulikana kilitengenezwa Uingereza na William Kent, mwaka 1733, kwa ajili ya watoto wa Duke wa Devonshire, nacho hakikuwa cha kusukumwa. Kilikuwa cha kuvutwa na mbuzi au farasi mdogo.

Singesema. Mjadala wa kigari uliisha palepale, ukaanza wa mbuzi. Ni beberu wa nani anayetulia? Atafungwa kamba za begani au shingoni? Akiona majani je? Dereva wa bodaboda akasema beberu wa jirani yao alishavuta mlango mzima na fremu yake, kwa hiyo mapacha si kitu. Kulikuwa na mama aliyefuata sketi yake. Akaondoka bila sketi, akicheka njia nzima.

Tukachagua mshikaki. Upana wake sentimita 56, unapita kila mahali nilipopima. Urefu sikuupima. Fundi wa nguo anajua upana wa bega, kiuno na nyonga, lakini urefu wa kitu kinachotakiwa kukata kona kwenye koridoni ni elimu ya madereva wa malori.

Kigari kilipofika kilikuwa kimekunjwa. Ustadi huu wa kukunja tunadaiwa na Owen Maclaren, mhandisi wa ndege aliyekuwa amefanya kazi kwenye miguu ya kutulia ya ndege ya kivita Spitfire, ndiye aliyebuni kigari chepesi cha kukunjika kama mwavuli mwaka 1965. Miguu ya ndege hufunguka yenyewe rubani akitaka. Yetu haikutaka. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na lugha nyingi, Kiswahili hakimo. Wanaume tukakivuta huku na huku, fundi baiskeli akaleta spana. Mama mkwe alikuwa anapita na sufuria la mchuzi, njia imezibwa. Akakisukuma kwa mguu, kikafunguka chote kwa kishindo na kumfinya dereva wa bodaboda kidole.

Ukaja mgogoro wa nani akae mbele. Kulwa ndiye mkubwa, alimtangulia Doto kwa dakika chache, na kwetu Usukumani heshima ni heshima. Tukamweka mbele. Doto, nyuma yake, akagundua kuwa nywele za kaka mtu ziko mkononi kabisa. Tukawabadilisha. Kulwa hakuvuta nywele. Alipiga mateke kiti cha mbele, taratibu, bila hasira, kama anayekanyaga cherehani, nikajua huyu ni wangu.

Masika yalikuwa yameshaanza, na udongo wetu ukipata mvua ya milima ya Usambara haubishaniwi. Magurudumu ya mbele, madogo yanayozunguka kila upande, yalifika kwenye mteremko wa kwanza, moja likageukia Mabokweni, jingine likageukia Bombo Mtoni, kigari kikasimama. Nilisukuma, nyuma ikainuka. Fundi baiskeli akashika mbele, mimi nyuma, tukakibeba kama machela pamoja na abiria wake mpaka kwenye mkutano wa njia, watu wakitupisha na kuuliza nani mgonjwa. Mke wangu alitufuata, mikono mitupu, akisema hajawahi kutoka na watoto kwa raha namna hii.

Tangu hapo kinakaa kibarazani kwangu, breki imebanwa, na hapo hakina mpinzani. Mapacha wanakaa humo ninaposhona, wanaangalia barabara, wanarushiana mabaki ya vitambaa. Wateja wenye watoto wachanga huomba kuwaketisha kidogo wapige picha, na siku za gulio kuna foleni. Sitozi, ila wengi wanaona aibu kuondoka bila kuacha hata suruali ya kufupishwa. Kliniki wanakwenda kwa mbeleko, mmoja kwa mama, mmoja kwa bibi, na bibi hasemi neno, anaimba tu.

Kwetu anayezaliwa baada ya mapacha jina lake lipo tayari, ni Shija, na majirani wa hapa nilishawafundisha, ndiyo maana wananiuliza Shija yuko wapi. Shemeji naye kajua. Nilipomtumia picha ya watoto wakiwa ndani ya kigari, kimejaa mpaka miguu ya mtoto wa jirani inaning'inia, alijibu papo hapo: kuna duka Muscat ameona cha watu watatu, bei imeshushwa, akipakilie?

Mke wangu akanipokonya simu na kuandika mwenyewe: "Dada, tuma kanga. Doti mbili."